Spindeli Ndiyo Upepo, Kisu Ndicho Bendera

(Mazungumzo na mafundi wa karakana ndogo na wanafunzi wa ufundi mitambo, Dar es Salaam. Nimeyaandika upya kutoka kwenye kumbukumbu na karatasi nilizokuwa nimezishika siku ile.)

Shikamooni wakubwa zangu. Wadogo zangu, marahaba, msije mkasema sikuwaitikia.

Niliombwa nizungumzie CNC, yaani mashine za karakana zinazoendeshwa na kompyuta, kwa ujumla. Nikamwambia mwenyeji wangu kwamba CNC kwa ujumla huzungumzwa na wauza mashine. Mimi nimekuja na bolti moja mfukoni, hii hapa, M10, yaani ya kipenyo cha milimita 10, na nitazungumzia nyuzi zake tu. Nyuzi ndizo zinazoonyesha kama mashine yako inaelewana na nafsi yake. Ukikereza shafti, spindeli, yaani ile sehemu inayokishika kipande na kukizungusha, ikazunguka mara 580 kwa dakika badala ya 600, hakuna atakayejua. Kipenyo kitatoka kilekile na wewe utalipwa. Kwenye uzi, kosa dogo kama hilo linaweza kuitupa kazi nzima kwenye pipa la chuma chakavu.

Tazameni hii bolti. Kutoka ncha ya uzi mmoja hadi ncha ya uzi unaofuata ni milimita 1.5. Hiyo ndiyo hatua ya uzi. Maana yake kipande kikizunguka mara moja, kisu lazima kiwe kimesogea milimita 1.5 kamili. Ukiishia hapo utadhani ni hesabu ya darasa la sita: mizunguko 600 kwa dakika, zidisha kwa 1.5, unapata milimita 900 kwa dakika, mpe kisu kasi hiyo, kazi imekwisha. Kijana mmoja alinijibu hivyohivyo wiki iliyopita, na uso wake ulikuwa umejaa furaha. Sikumvunja moyo, ila nilimwuliza: kisu kinapita mara ngapi?

Hapo ndipo penyewe. Uzi wa M10 una kina cha kama milimita 0.92, na hakuna kisu kitakachokula kina hicho kwa pigo moja kwenye chuma kikatoka salama. Kinapita mara nane, mara kumi, kila mara kinashuka kidogo. Na kila kinaporudi kuanza upya, lazima kiingie kwenye mfereji uleule kiliouchimba mwanzo. Kikikosea kwa robo ya hatua, pito la pili linakula kilichoachwa na pito la kwanza, la tatu linamalizia, na unabaki na fimbo yenye mikwaruzo.

Wazee waliotufundisha walilijua hili bila kompyuta. Mashine ya Henry Maudslay wa London, ya takriban mwaka 1800, ilikuwa na skrubu ndefu ya kuendeshea kigari kinachobeba kisu, na gia za kubadilisha kati ya skrubu hiyo na spindeli. Spindeli ikisimama, kigari kimesimama. Ikipungua kasi, kigari nacho kinapungua, maana vimefungwa pamoja kwa meno ya chuma. Bendera haina hiari na upepo.

Na kwa kuwa wengi wetu bado tuna zile mashine nzito za Kiingereza zenye skrubu ya inchi, nipitie hapo kidogo, kwa sababu somo la kompyuta limejificha mle. Ukitaka kukata nyuzi za milimita kwenye mashine ya inchi, unafunga gia yenye meno 127. Kwa nini namba hiyo ya ajabu? Inchi moja ni milimita 25.4, zidisha kwa tano, unapata 127. Na 127 haigawanyiki kwa namba yoyote zaidi ya moja na yenyewe, kwa hiyo huwezi kuikwepa kwa gia ndogo na bado ukapata hesabu kamili. Skrubu yako ikiwa na nyuzi nne kwa inchi, hatua ya 1.5 unaipata kwa meno 30 kwa 127. Sawa. Lakini sasa spindeli na skrubu zitakutana tena mahali pamoja baada ya spindeli kuzunguka mara 127! Ndiyo maana mzee wangu alikuwa akipiga kelele karakana nzima: usifungue nati ya nusu! Hiyo ndiyo nati inayokishikisha kigari kwenye skrubu. Ukiifungua na kuifunga popote, umepoteza mahali. Unaiacha imefungwa, unatoa kisu nje, unarudisha mota kinyumenyume mpaka mwanzo, unaingiza tena. Inachosha na inakula muda, lakini uzi unatoka.

Mzee hakuwa akilinda kasi. Kasi haikumhusu hata kidogo. Mota ilikuwa inakwenda mbele, inasimama, inarudi nyuma, inazimika umeme ukikatika, na uzi hauharibiki. Alichokuwa akilinda ni mahali: spindeli ikiwa kwenye pembe hii, kisu kiwe kwenye milimita hii. Wadogo zangu, nikiondoka leo na mmesahau mengine yote, hilo mlibakize.

CNC imeondoa gia. Spindeli ina mota yake, mhimili wa Z, unaokisogeza kisu kwa urefu wa kipande, una mota yake, na kati yao hakuna chuma chochote. Kilichobaki kuviunganisha ni kifaa kinachoitwa enkoda, kinachoitazama spindeli, na programu inayoambiwa na enkoda spindeli imefika pembe gani. Enkoda ya kawaida ina sahani yenye mistari na njia tatu za ishara. Mbili za kwanza, A na B, zimepishana robo, ili kompyuta ijue si tu kwamba spindeli imesogea bali imesogea upande gani. Ya tatu hutoa alama moja tu kwa kila mzunguko. Hiyo ya tatu ndiyo iliyonitia aibu mimi, na nitawasimulia kama ilivyokuwa.

Nilikuwa nimechukua mashine kuukuu ya kukereza, nikaifunga mota mpya kwenye Z na kwenye X, ule mhimili unaokiingiza na kukitoa kisu, nikaiwekea LinuxCNC. Hii ni programu ya bure, mizizi yake iko kwenye kazi ya taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, na amri za uzi inazo: G33 kwa pito moja, G76 kwa uzi mzima. Ikabaki enkoda. Mkia wa spindeli ulikuwa umezibwa na kifuniko, na kukifungua ni kazi ya siku nzima. Mota ya spindeli, kwa upande mwingine, ilikuwa na shafti nzuri imetokeza nyuma, kama inaniita. Nikaifunga enkoda pale.

Mota ile ilikuwa inazunguka mara mbili wakati spindeli inazunguka mara moja, kwa sababu ya puli. Nililijua hilo, sikuwa mjinga kiasi hicho. Kwenye mipangilio nikaongeza mara mbili hesabu za A na B kwa mzunguko. Nikajaribu pito moja kwenye bomba la aluminiamu, nikaweka geji: 1.5 safi kabisa. Nikampigia simu mteja.

Bolti ya kwanza ikatoka na nyuzi nyembamba, fupi, zilizobanana. Nikaweka geji: 0.75. Nikafuta macho. Ya pili, vilevile. Ya tatu ikawa nzuri nusu ya njia, kisha pito la sita likaja likakata katikati kabisa ya nyuzi, pale pale juu ya ncha. Nilikaza beringi, nikabadili kisu, nikailaumu skrubu ya Z, nikamlaumu aliyeniuzia skrubu ya Z. Siku mbili.

Aliyeniokoa hakuwa mtu wa CNC. Ni fundi wa injini aliyekuwa amekuja kukerezewa bushi, akanikuta nimekaa chini. Nikamweleza. Akacheka, akaniuliza: ukifunga taiming belti, pistoni namba moja ikiwa juu, unafunga tu? Nikamjibu hapana, lazima nijue iko juu kwa kubana au kwa kutoa moshi, maana hufika juu mara mbili. Akaninyamazia, akaendelea kunitazama mpaka nikaelewa mwenyewe.

Mota ikizunguka mara mbili, ile alama ya njia ya tatu hutokea mara mbili kwa kila mzunguko wa spindeli. Programu inasubiri alama ndipo ianze kukata. Wakati mwingine ilishika alama ya kwanza, wakati mwingine ile iliyo upande wa pili, nusu mzunguko baadaye. Nusu mzunguko kwa hatua ya 1.5 ni 0.75. Nilikuwa nakata nyuzi mbili sambamba kwenye bolti moja! Kuna watu wanaokata nyuzi za namna hiyo kwa makusudi, kwa ajili ya skrubu zinazotakiwa kwenda haraka, na wanalipwa vizuri. Mimi nilikuwa nazikata bure na kwa hasara. Hesabu za A na B zilikuwa sahihi, ndiyo maana geji ilinidanganya kwenye pito la kwanza. Mwendo ulikuwa sahihi, mahali hapakuwa.

Na hata kama uwiano wa puli ungekuwa moja kwa moja, mkanda ule ulikuwa wa kawaida, wa pembe, ambao huteleza kidogo ukibebeshwa mzigo. Enkoda kwenye mota ingeendelea kuhesabu kwa uaminifu huku spindeli imebaki nyuma. Nilikifungua kile kifuniko. Enkoda sasa iko kwenye mkia wa spindeli, inaendeshwa na mkanda wa meno, puli zenye meno sawa. Mzunguko mmoja, alama moja.

Niseme sasa kinachotokea ndani ya pito moja, maana hapa pia watu huumia.

Mmewaona watoto wanaoruka kamba mtaani. Wawili wanaizungusha, wa tatu anataka kuingia. Haingii hovyo. Anasimama pembeni, kichwa kinamcheza juu chini, anangoja kamba ipite mahali fulani, ndipo anajitosa. Programu hufanya vivyo hivyo: spindeli inawashwa, inasubiriwa ifike kasi, kisha inasubiriwa alama ya mzunguko, na alama ikija tu kisu kinaondoka. Kwa hiyo kila pito linaanza kwenye pembe ileile ya kipande, hata kama kati ya mapito umekwenda kunywa chai. Sharti moja: usikilegeze kipande kutoka kwenye taya. Ukikitoa na kukirudisha, programu inajua spindeli iko wapi lakini haijui umekishika vipi.

Sasa, mtoto anayeingia kwenye kamba ni mwepesi. Kigari cha mashine ni kilo nyingi za chuma. Alama ikija, hakiwezi kupata milimita 15 kwa sekunde papo hapo. Ni kama kudandia daladala inayoondoka: lazima ukimbie sambamba nayo kwanza, mwendo ulingane, ndipo ushike mlango. Ukishika mlango umesimama, mnajua kinachotokea.

Tuchukue mashine inayoweza kuongeza kasi kwa milimita 300 kwa sekunde, kila sekunde. Kwa mizunguko 600 na hatua ya 1.5 tunataka milimita 15 kwa sekunde. Itachukua sehemu ya 0.05 ya sekunde, na kigari kitakuwa kimesogea milimita 0.375. Lakini kwa muda huo spindeli imezunguka nusu mzunguko na ilitarajia kisu kiwe kimefika 0.75. Kuna deni la 0.375, robo nzima ya hatua. Programu nzuri hulilipa deni hilo: kigari kinaongeza mwendo kidogo zaidi ya unaotakiwa, kinaifikia spindeli, kisha kinatulia nayo. Yote hayo lazima yatokee hewani, kabla kisu hakijagusa chuma. Ndiyo sababu ya kuanza mbali na uso wa kipande. Mimi huacha hatua tatu kwa mwendo huo na sijuti.

Kisha kijana anaona kazi inachelewa, anapandisha mizunguko hadi 1200. Anadhani umbali wa kukimbilia umeongezeka mara mbili. Umeongezeka mara nne! Kutoka 0.375 hadi milimita 1.5, kwa sababu kasi inajizidisha yenyewe kwenye hesabu hiyo, na hapo bado hujalipa deni. Anaacha nafasi ileile ya zamani, na nyuzi mbili za mwanzo zinatoka zimebanana, nati inagoma kuingia, anaanza kuisukuma kwa spana.

Kuna mashine na programu ambazo hazilipi deni. Zinapokea alama moja kwa mzunguko, zinakadiria kasi, zinakwenda kwa kasi hiyo zikiomba Mungu spindeli isibadilike. Huko, ukikata mapito ya kwanza kwa mizunguko 600 kisha ukashusha hadi 400 kwa pito la mwisho ili lipate mng'ao, deni linabadilika kutoka 0.375 hadi 0.167, na uzi wako umehama milimita 0.2 pembeni. Badala ya kung'arisha umekata ukuta mmoja wa uzi. Hata kwenye mashine nzuri, tabia ya kuchezea mizunguko katikati ya uzi muiache. Kwa sababu hiyohiyo uzi hukatwa kwa G97, mizunguko iliyofungwa, kamwe si kwa G96 ambayo hubadilisha mizunguko kadiri kipenyo kinavyobadilika.

Swali ninaloulizwa sana ni enkoda ya mistari mingapi. Wenye pesa hukimbilia 1024. Kila mstari hutoa hatua nne za kuhesabu, kwa hiyo ni hesabu 4096 kwa mzunguko. Vizuri sana, kwa uzi wetu kila hesabu ni chini ya nusu ya elfu moja ya milimita. Ila kwa mizunguko 600 kwa dakika, ambayo ni 10 kwa sekunde, hizo ni hesabu 40,960 kila sekunde. Kama kompyuta yako inaisoma enkoda kwa programu tupu kupitia poti ya zamani ya printa, mara 40,000 kwa sekunde, basi kuna hesabu zinaipita kama daladala inavyompita abiria aliyesinzia kituoni. Kuna kadi za elektroniki zinazohesabu zenyewe na kuipa kompyuta jumla. Ukitaka mistari mingi, nunua kadi kwanza. Nimeona sahani iliyokatwa na fundi mwenyewe, mianya 60 tu, hesabu 240 kwa mzunguko, ikikata nyuzi ambazo nati ya dukani iliingia kwa vidole. Bora hesabu chache zote zikafika kuliko nyingi zinazopotea njiani.

Nimebakiwa na tapu, kile kisu cha kukatia nyuzi ndani ya shimo, na hii nitaiharakisha kwa sababu naona mama wa chakula ameshafunua masufuria.

Zamani tapu kwenye mashine iliwekwa kwenye kishikio chenye springi, kinachovutika na kubonyea, ili mhimili na spindeli zikikosana kidogo springi isuluhishe. Ukiwa na enkoda kwenye spindeli, tapu inaweza kushikwa kavu, bila springi. LinuxCNC wanaiita G33.1. Shimo la M10 umelitoboa kwa biti ya 8.5, tapu inashuka ikiifuata spindeli, inafika kina, spindeli inaamriwa igeuke. Haigeuki hapohapo. Ina uzito wake. Kama inazunguka mara 300 kwa dakika na inachukua nusu sekunde kusimama, itazunguka mara moja na robo zaidi, na tapu itaendelea kushuka karibu milimita 1.9 chini ya kina ulichoandika. Mhimili unaifuata hadi inaposimama, halafu unarudi nayo juu, hauivuti tapu wala kuisukuma. Ni kitu kizuri kukitazama. Lakini kama shimo halijatoboka upande wa pili na umeacha milimita moja tu chini, umevunja tapu, na tapu iliyovunjikia ndani ya kazi ya mteja nyote mnaijua ladha yake. Jaribuni hewani kwanza, pimeni spindeli inapitiliza kiasi gani, ndipo mwandike kina.

Umeme ukipungua nguvu katikati ya uzi, spindeli ikazubaa, msishtuke: kwenye mashine inayoifuata enkoda, kisu kitazubaa nayo na uzi utakuwa mzima. Umeme ukikatika kabisa, toeni kisu nje kwa mkono kwa X, kipande msikiguse. Ukirudi, tafuteni upya sifuri ya Z na X, alama ya mzunguko iko palepale ilipokuwa, na mfereji mtaukuta. Kwa tapu iliyo ndani ya shimo, pole. Izungusheni spindeli kwa mkono kinyumenyume, polepole, na Z iwe huru.

Sasa tuinuke. Ile mashine pale nyuma imewekwa enkoda jana na wanafunzi wa hapa, na bado haijakata hata uzi mmoja. Nimeomba wasiniambie wameifunga kwenye mota au kwenye spindeli. Tutakipaka kipande wino wa kalamu nzito, tutapitisha kisu kwa kina cha nywele, milimita 0.05, mara moja. Kisha tutaizima spindeli, tutaiwasha, tutapitisha mara ya pili kwa kina kilekile, na ya tatu, na ya nne. Mkiona mstari mmoja, tutakata. Mkiona miwili, tutaanza na kifuniko cha nyuma. Mwenye kalamu ya wino aje mbele, na mtu anipe yale miwani ya kinga.